Malaika wa Wodi ya Pili

Bandeji zilikuwa zinaisha wodini, na vita havikuwa na habari. Dada yangu alikuwa muuguzi wa zamu na mimi dobi wa hospitali hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha bandeji zilizotumika, kuzianika na kuzikunja ili zifunge watu wengine. Zilishakonda kuliko wagonjwa. Kila tukiomba mpya, tuliambiwa nchi iko vitani, kana kwamba sisi tulikuwa harusini.

Ndipo akaja mwandishi wa gazeti na mpiga picha wake. Dada alimweleza mwandishi kwamba zimebaki bandeji nne mpya, aiandike habari hiyo watu wasaidie. Mwandishi aliitikia sana kwa kichwa, kalamu ikabaki mfukoni.

Mpiga picha alizunguka wodi akitafuta majeruhi wa kupendeza. Mmoja hakuwa na meno, mwingine alimtukana. Jicho likaniangukia mimi na karai langu. Wakanilaza, wakanizungushia kichwani zile bandeji nne. Akaona sijaumia vya kutosha, akazimwagia wino mwekundu. Dada akaambiwa aniinamie kwa upendo.

"Huyu haumwi kitu," akasema. "Ugonjwa wake ni uvivu."

"Tabasamu, sista. Taifa linakutazama."

"Basi taifa liniletee bandeji."

Picha ikapigwa hapohapo, mdomo wake wazi. Gazetini waliandika: Malaika Amwimbia Shujaa. Kuhusu bandeji, kimya. Mama alisoma kwamba nimepigwa risasi, akaja analia. Aliponikuta nafua, akanipiga yeye.

Vifurushi vikamiminika. Dada alivifungua kimoja kimoja akitafuta bandeji, akakuta maua, manukato na barua za posa. Majeruhi nao wakagoma kuchomwa sindano mpaka waimbiwe. Dada, mwenye sauti ya bawaba kavu, aliwaimbia mara moja. Hawakurudia kuomba.

Mimi nilikuwa nachemsha zile bandeji nne. Zikaishia kuwa nyuzi, wino ukabaki.

Lori la majeruhi wapya lilipofika, dada alishika mkasi atengeneze bandeji. Picha ile ilitugharimu bandeji nne mpya, mashuka mawili, aproni nyeupe ya malaika mwenyewe, na shati langu pekee la kutokea.