Mafuta ya Cherehani

Mtaani walimwita Mama Sindano, na jina lenyewe alilipenda. Cherehani iliyowashinda mafundi wote iliishia mezani kwake, na kabla chai haijapoa ilikuwa inashona. Kwa hiyo shule ya jirani ilipotupa piano yake mbovu uani, na binti yake wa miaka sita akaikumbatia akilia na kukataa kuondoka, Mama Sindano alisema tu kwamba mashine ni mashine. Akaenda kukodi mkokoteni.

Alihangaika nayo miezi minne. Nyundo zake ndogo za ndani alizivika kitambaa kizito alichokata kwenye koti lake la baridi, waya akazikaza kwa spana moja baada ya nyingine, na siku piano ilipotoa sauti ya maana alipita mtaani kichwa juu, utadhani ameiunda yeye. Kati ya vibao vya kubonyeza kilibaki kimoja tu cha katikati, ambacho kilikuwa kinanata. Akakitia mafuta ya cherehani, kama alivyozoea kufanya kwa kila kitu kinachonata. Kingekuwa chuma, kingelainika. Lakini ile ilikuwa mbao; ikavimba, na tangu siku hiyo kukibonyeza kibao kile kulitaka nguvu za kukanda unga. Mtoto alipolalamika, fundi aliona aibu. Alimjibu kwamba kibao hakina neno, kidole chake cha pete ndicho kivivu.

Mtoto aliamini, kwani mama yake hakuwahi kukosea mashine. Akajifunga kibwebwe, akakitesa kidole kwa mazoezi asubuhi na jioni.

Na alifika mbali, asikudanganye mtu. Alishinda mashindano, akasoma chuo cha muziki ng'ambo, akapiga katika kumbi ambazo mama alizijua kwa picha tu. Sasa, akiwa na miaka thelathini, alikuwa amerudi kupiga kwa mara ya kwanza na okestra ya mji wake. Kati ya vipande vyote alivyovijua alichagua kile cha polepole alichojifunzia nyumbani, kwa sababu mama alikipenda. Asubuhi ya onyesho mama alikuwa tayari yuko ukumbini kutazama mazoezi, mstari wa nyuma kabisa, amevaa nguo yake ya jioni.

Kiongozi wa okestra, mzee mkavu asiyecheka bure, aliwasimamisha mara moja, mara ya pili, mara ya nne. Kila mara ilikuwa pale pale, kwenye kibao kile kile cha katikati. Sauti iliyotakiwa kunong'ona ilitoka kwa kishindo, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Mwishowe alimwambia binti, kwa upole uliouma kuliko makaripio, kwamba hali ikiwa hivyo hivyo baada ya mapumziko, nafasi ataichukua mpiga piano mwingine ambaye yumo mjini.

"Ni kidole hiki," binti alisema, akiutazama mkono wake. "Tangu utotoni ni kivivu. Nikifika hapo nakisukuma."

Kule nyuma, Mama Sindano aliyasikia maneno yote. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Jina lake la ufundi lilikuwa safi miaka yote hiyo. Akainuka, akashuka ngazi zote hadi jukwaani.

"Mwanangu, kidole chako hakijawahi kuwa kivivu," alisema, mbele ya wapiga fidla wote. "Kibao kilikuwa kizito. Nilikitia mafuta ya cherehani, mbao ikavimba, nikaona haya kusema. Nikakusingizia wewe."

Binti alikiinua kidole chake cha pete. Alisema kwamba miaka ishirini na nne amekichukia kidole hicho, hata chuoni alikuwa akikifunga kamba ya mpira kukipa mazoezi wakati wenzake wamelala. Mama hakujitetea. Alisema pole, akabaki amesimama.

Ndipo binti akakiweka kidole juu ya kibao, akakibonyeza kidogo, kwa uzito wa kidole chenyewe tu. Akarudia. "Kumbe ni chepesi hivi," alisema. Wengine walikwenda kula; yeye alibaki na kibao kimoja saa nzima, na mama yake kando yake amemshikia koti.

Jioni ile sauti ilinong'ona. Ilinong'ona kila mara ilipotakiwa, na watu elfu moja walisahau kukohoa. Mwishoni ukumbi wote ulisimama, na mzee mkavu akamwinamia binti mbele ya macho yao. Mama Sindano alilia waziwazi, hana habari na leso.

Bwana mmoja mwenye tai, kiti cha pili kutoka kwake, alimuuliza kama yeye pia ni mwanamuziki.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema, kwa sauti ya kusikika mistari mitatu. "Yule ni binti yangu. Piano yake ya kwanza niliifufua kwa mikono hii. Kibao kimoja nilikiharibu. Vile vingine themanini na saba vilikuwa sawa."