Mutu wa Karehe

Kwenye kizuizi cha kuingia Goma, askari alikaza kamba iliyofunga barabara, akamshusha Uwizeye kwenye pikipiki. Kadi yake ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chake, ilikuwa imeungua huko kijijini kwake Karehe, na asiyejulikana alikotoka hapiti.

"Eti uko mutu wa Karehe? Kanisa lilijengwa na nani?"

"Mapadri, papa. Wazee wetu walibeba mawe." Alijibu kwa heshima, kama anayezungumza na baba yake.

"Hiyo hata kasuku anajua. Kwenye kisima chini ya kanisa, nani anakunywaka wa kwanza?"

"Ng'ombe. Wafugaji ndio walikichimba. Sisi wa viazi tunangoja."

Askari akacheka, akashusha kamba. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na nyumba ya bati nyekundu, karibu na pale wanapogandisha maziwa kuwa fromage? Ingali iko?"

Uwizeye alikuwa ameyaona majivu yake. Aliitazama bunduki, akaogopa njia isije ikafungwa tena.

"Iko, papa."

"Mama anaishi pale. Kesho naomba ruhusa, niende kumusalimia."

Njia ilikuwa wazi. Uwizeye alipiga hatua moja, akashindwa ya pili.

"Papa," alisema akigeuka, "usiende. Nimekudanganya."