Mkono wa Kukamua

Stumai alilizungusha tambara la kudekia kwenye shingo ya bomba la uani, akazikutanisha ncha zake, akaanza kulisokota kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuegemeza kifuani. Maji machafu yakachuruzika kwenye ndoo. Bomba likalia kidogo. Akaacha, akatazama dirisha la wenye nyumba. Pazia halikutikisika. Akasokota tena.

Kazi za nyumba ile ya Utemini sasa zote zilikuwa zimegeuka jambo moja, kukamua. Kufagia aliweza. Ugali aliusonga sufuria akiibana kwa miguu. Lakini tambara lisilokamuliwa humuumbua mtu: huacha michirizi kwenye marumaru, kesho yake linanuka, na ukilianika hudondosha maji mpaka chini ya kamba pakawa tope. Na Mama Derick alikuwa na desturi yake. Kila jioni akirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, hupitia kambani akayabana matambara moja moja. Likitoa tone husema, "Hili halijafuliwa, dada. Limelowekwa." Dada ndilo jina lake pale, ingawa Stumai alimzidi mwenye nyumba umri.

Basi akajifunza ujanja. Vitambaa vya vyombo alivikunja ndani ya taulo kuukuu, akavikalia. Matambara mapana aliyakanyaga juu ya jiwe la kufulia. Lile zito la kudekia ndilo alilolisokotea bombani. Yaliyobaki aliuachia upepo, maana mwezi wa kumi Singida upepo haukosi. Ukianika mapema, jioni tambara limekauka kau.

Mkono ule wa kulia uliumia siku alipopanda stuli kufuta vumbi la feni. Mguu wa stuli ulikuwa umelegea, naye alikwisha kuwaambia wenye nyumba. Alipoanguka, Baba Derick alikuja, akautazama mkono, akatikisa kichwa.

"Hospitali wataanza kuuliza umeumia wapi, kwa nani," alisema. "Ya nini kuyafanya mambo marefu? Unyambwa kuna mzee anaunga mifupa vizuri tu."

Mzee wa Unyambwa aliukanda kwa mafuta ya alizeti, akaufunga kwa vijiti. Ukaunga upande. Malalamiko ya wafanyakazi mjini pale yana ofisi yake, na mkuu wa ofisi hiyo alikuwa Baba Derick. Mama Derick alimwambia Stumai kwa upole kabisa kwamba asipopona mapema itabidi atafutwe mwingine, wala si kwa ubaya. Kabla vijiti havijafunguliwa vyema, Stumai akasema amepona.

Alisema hivyo kwa ajili ya Rukaiya. Binti yake alilala naye kwenye chumba cha uani na kusoma kidato cha nne shule ya jirani. Mama akifukuzwa, na mtoto anarudi kwao Ikungi, mtihani ukiwa mlangoni. Wala hakumruhusu kugusa ndoo. Alijua majumba yanavyowameza watoto wa watu. Huanza kwa kuosha kikombe kimoja.

"Nikusaidie kukamua tu, mama," Rukaiya alisema mara nyingi.

"Wewe soma."

Kwa hiyo aliogopa. Aliamka na hofu, akalala nayo. Kila viatu vya Mama Derick vilipolia kokotoni, aliacha alichoshika, akatazama kambani.

Jumamosi ile upepo ulilala. Mama Derick alishinda nyumbani, akingoja wageni wa jumuiya, akataka sebule idekiwe mara mbili. Jiwe la kufulia lilitazamana na mlango wa jiko. Kukanyaga matambara pale kulikuwa kujianika mwenyewe. Stumai akaenda na tambara nyuma ya tangi, kwenye bomba. Akalisokota kwa haraka, kwa nguvu kuliko siku zote, akiegemeza na bega.

Shingo ya bomba ikakatika.

Maji yakaruka hadi usawa wa paa. Akaziba kwa kiganja cha kushoto, yakampita. Wa kulia haukufumba. Rukaiya alitoka chumbani mbio, daftari mkononi. Akalitupa chini, akakimbilia koki ya kwenye mita, akafunga. Ua mzima ulikuwa tope.

Mama Derick akatokea. Alilitazama bomba, kisha tambara lililobaki limejisokota kwenye shingo iliyokatika.

"Nini hiki, dada?"

"Samahani, mama. Bomba lilikuwa limelegea."

"Chukua hilo tambara. Likamue."

"Nitakamua mama, ngoja kwanza nizoe haya maji..."

"Kamua nikuone."

Alilishika. Vidole vya kulia vikakunjika nusu, vikakataa. Akageuza hivyo hivyo, maumivu yakapanda mpaka begani, na tambara likatoa kimchirizi kilichoishia kwenye gauni lake.

"Si ulisema umepona?" Baba Derick aliuliza kutoka barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Nimepona, baba."

"Haya ndiyo ninayoyaona kazini kila siku. Mfanyakazi haongei ukweli, halafu analalamika."

"Basi," alisema Mama Derick. "Kesho urudi Ikungi ukajiuguze."

Rukaiya akaenda mbele. Alilichukua tambara mikononi mwa mama yake, akalikunja mara moja, akalisokota. Maji yakamwagika yote kwa pamoja. Akalikung'uta, akalianika. Akachukua jingine.

Stumai akamwambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, aache, aingie ndani.

"Ni mara moja tu, mama," mtoto alijibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Mama Derick, msimfukuze. Hizi za kukamua nitakuwa namsaidia mimi."

Mama Derick alisogea kambani. Akabana tambara. Akabana la pili. Halikutoka tone. Kisha akaitazama mikono ya Rukaiya.

"Una umri gani?"

"Kumi na saba."

Mke na mume wakatazamana. Baba Derick akanywa chai yake.

"Mama yako akapumzike," alisema Mama Derick. "Wewe utabaki."

"Nina mtihani mwezi ujao, mama."

"Nani kakukataza mtihani? Utasoma kazi zikiisha. Haya, wageni wanakuja, sebule hiyo."

Stumai alitaka kusema. Lakini hofu ile ile aliyokuwa akiamka nayo ilimwambia: akikataa, wote wawili wanalala njiani leo, na mtihani haupo kabisa. Rukaiya akainua ndoo, akaingia ndani bila kutazama nyuma.

Daftari lilikuwa limelala topeni. Stumai akaliokota, akalipangusa kwa gauni, akalifunga ndani ya taulo kuukuu kama vitambaa vya vyombo. Akalikalia juu ya jiwe la kufulia. Ndani wageni walikwisha kufika, na sauti ya mwanamke mmoja ikasifu sakafu. Alipolifungua taulo, lilikuwa limejaa wino.

"Dada!" Mama Derick aliita kutoka sebuleni.

Stumai akainuka kuitika.

"Abee!" Rukaiya alijibu.