Na Wenzake

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, karani wa kivuko alipofungua dirisha, waliozama walikuwa wameshapanga foleni. Maji yaliwachuruzika hadi ukumbini, na mfagizi, mzee mwenye mdomo, akawa anapita na dekio: "Samahanini, inueni miguu."

Hawakuja kulalamika, walitaka kuandikwa. Miaka thelathini na tano iliyopita, abiria walifurika, honi ikalia, na karani, wakati huo msichana mwepesi wa mkono, akaandika kama alivyofundishwa: jina la mkubwa wa msafara, kisha "na wenzake". Kivuko kilipopinduka, maofisa walihesabu majina. Wenzake hawakuwa na majina, basi hawakuhesabiwa. Jamaa zao waliambiwa wavute subira, pengine mtu yuko safarini.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mdogo wake karani, miaka kumi na sita, sare ya shule imemganda mwilini. Daftarini aliitwa "Mwalimu Mkuu na wenzake". Mama yao, sasa ana miaka themanini na sita, hajapewa cheti cha kifo cha kumlilia mwanawe.

"Dada, leo?" aliuliza, kama kila Jumatatu.

Siku hiyo karani alikuwa anastaafu. "Leo, mdogo wangu. Nisamehe, mkono wangu ndio uliokufuta."

"Mama hajambo?"

"Anakuuliza wewe."

Akatoa daftari la zamani, akaandika mmoja mmoja mpaka saa tisa mchana. Kila aliyeandikwa alikauka, akashukuru, akaondoka. Mdogo wake alipokauka, sare ilibaki na mikunjo tu. Karani alilia, wala hakuona haya.

Mkuu wa kivuko, alipopelekewa daftari, alisoma kurasa zote bila haraka.

"Mwandiko mzuri, mama. Ila orodha ilishafungwa. Asiyepanda hazami."

"Nilimpandisha mwenyewe, bosi."

"Kwa karatasi ipi?"

Akalifungia daftari kabatini, akamtakia mapumziko mema. Karani akaenda kumwambia mama yake kwamba mtoto ameandikwa, lakini cheti hakuna.

Ukumbi ulikuwa mkavu. Mfagizi akaanika dekio juani, akasema hatimaye mgongo wake umepata likizo. Nje honi ikalia, foleni ya abiria imefika barabarani, na karani mpya dirishani, binti mwepesi wa mkono, akaulizwa mbona anachelewesha watu.

"Kwaya ya vijana," akajibu, akiandika. "Mwenyekiti na wenzake."

Mfagizi alisikia. Akalianua dekio likiwa bado bichi, akaliegemeza karibu na mlango.