Machozi Kabla ya Swali

Draya ya Shangazi ilipowashwa, filamu iligeuka bubu. Ilikuwa draya kubwa ya kukaushia nywele, ya kusimama, ya kumeza kichwa kizima, nayo ilinguruma kama mashine ya kusaga unga. Kwenye televisheni midomo ya watu ilichezacheza bure, bastola zilitoa moshi bila mlio. Kuzima draya ni kumrudisha mteja nyumbani na kichwa kibichi, na kuzima televisheni ni kuwafukuza wateja wenyewe. Basi katika saluni ile watu walijifunza kufuata hadithi kwa macho tu, kama anayechungulia ugomvi wa jirani dirishani.

Na ukizitazama hadithi bila kuzisikia, utaona zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Aliyekohoa mwanzoni lazima azikwe kabla ya mwisho. Askari akitoa mfukoni picha ya mkewe akaitazama huku anatabasamu, mke huyo ni mjane tayari. Jambazi akishamfunga stelingi kwenye kiti na kumwelekezea bastola, badala ya kufyatua ataanza kueleza maisha yake tangu utotoni, mpaka stelingi amalize kukata kamba. Kila jambo la namna hiyo lilipewa jina lake pale saluni. La kwanza liliitwa Kikohozi cha Sanda, la pili Picha ya Mjane, la tatu Jambazi Mhubiri. Polisi wanaofika maiti zimeshapoa waliitwa Polisi wa Kufagia.

Mchezo ulikuwa na sheria. Ukiona dalili, unapiga chanuo mezani na kutaja jina kabla jambo lenyewe halijatokea. Ukikosea, unashika ufagio na kufagia nywele zote za sakafuni, uwe msusi, uwe mteja mwenye rola kichwani. Shangazi, mwenye saluni, ndiye aliyekuwa mwamuzi, na kwa bahati ambayo hakuna aliyethubutu kuihoji, ndiye pia aliyekuwa bingwa.

Kusema kweli bingwa alikuwa binti wa kaka yake, msusi aliyeitwa Nong'ona kwa sababu sauti yake haikuwahi kuvuka meza. Yeye ndiye aliyeona dalili kabla ya wote. Alinong'ona jina, na Shangazi, aliyekuwa karibu na mwenye kifua cha tarumbeta, alipiga chanuo na kulitangaza kana kwamba limetoka tumboni mwake. Nong'ona hakulalamika. Alipenda kusikia maneno yake yakipaa kwa sauti ya mtu mwingine, huku yeye akiendelea kusuka, macho chini.

Siku moja tu sauti yake ilifika mlangoni. Ilikuwa filamu ya mwanamke aliyemkuta mchumba wake amekumbatiana na mtu, akaangusha mfuko wa machungwa, akakimbia analia. Miaka ikapita, akaolewa na katili, mvi zikamtoka, ndipo akaambiwa yule aliyekumbatiwa alikuwa dada wa mchumba.

"Si angeuliza tu?" Nong'ona alisema, na kwa kuwa draya ilikuwa imezimwa, saluni nzima ikageuka. Alitamani ajifiche kwenye beseni la kuoshea nywele. Lakini jambo lile likapata jina, Machozi Kabla ya Swali, na hilo Shangazi hakuweza kulidai.

Sasa, kulikuwa na fundi wa televisheni. Walimwita Antena, kwa urefu wake na kwa kuwa alijikunja kidogo juu kabisa. Televisheni ya saluni ilikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, na Mama Pacha, mteja wa kudumu aliyejaliwa watoto wawili kwa mkupuo na ulimi wa watu wawili, alikuwa akisema hajaona televisheni inayougua kila Nong'ona anapokuwa zamu. Antena alitengeneza taratibu mno. Nong'ona naye, akiwepo Antena, alisuka mistari iliyonyooka hata ungeweza kupimia ukuta.

Alhamisi Antena alikuja bila bisibisi. Alisema amepata kazi kwenye karakana kubwa mji mwingine, anaondoka kesho na basi la mchana, na asubuhi atapita kuaga. Halafu akamsogelea Nong'ona, aliyekuwa anatenganisha rasta za kumsukia muuguzi mmoja. Muuguzi mwenyewe, aliyetaka kusukwa kwa ajili ya safari, alikuwa ndani ya draya, hasikii hata mbingu ikianguka.

Antena aliuliza, akitazama waya wa ukutani, kama akifika huko ampigie simu au asimpigie.

Moyo wa Nong'ona ulikuwa na jibu tangu filamu ya pili ya mwaka juzi. Mdomo ndio haukuwa nalo. "Nitakuambia kesho," akanong'ona.

Lakini saluni ile ilishazoea kusoma midomo. Chanuo likapigwa mezani. Kisha la pili, kisha brashi ya mteja mwingine. Hakuna aliyetaja jina kwa kuwa jina lilikuwa maneno yenyewe: Nitakuambia Kesho. Katika filamu zote walizotazama, hakuna aliyesema hivyo akaja kuiona kesho yenyewe. Gari humgonga, au meli huzama. Antena hakuelewa. Alicheka kwa adabu, akatoka, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango kama kawaida yake.

Asubuhi hakupita kuaga. Jua likapanda, Nong'ona akamsuka Mama Pacha upande wa kushoto huku akitazama mlango kwenye kioo, na kila aliyeingia alikuwa mfupi. Shangazi akapiga namba ya Antena. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena na tena.

"Mwenzenu keshagongwa," alisema Mama Pacha.

Shangazi akamwambia afunge mdomo wake, na uzuri mmoja ni kwamba alisema hivyo huku tayari anafunga duka. Akamtazama Nong'ona. Mwenye kiu ndiye aendaye kisimani, mwanangu, akamwambia, na stendi si mbali. Nong'ona akasema kwa sauti ndogo kwamba hizo ni Mbio za Stendi, jambo la kwenye filamu, watu watacheka. Shangazi akajibu kwamba kucheka hakujawahi kumvunja mtu mguu.

Basi wakakimbia. Mbele Nong'ona, aproni imejaa mafuta ya nywele, chanuo la mkia bado mkononi. Nyuma yake Shangazi, kandambili zikipiga makofi, simu sikioni, chanuo kwapani. Mwisho Mama Pacha, upande mmoja wa kichwa umesukwa nadhifu, upande wa pili umesimama wima kama umeona jambazi, kitambaa cha saluni kikipepea mgongoni. Muuza viatu aliacha mteja na kiatu kimoja ili atazame. Fundi baiskeli aliuliza moto uko wapi. Mama Pacha alimjibu uko kifuani mwa yule wa mbele, na Nong'ona, kwa aibu na kwa mbio na kwa kitu ambacho hakikuwa aibu wala mbio, akajikuta anacheka, naye anakimbia.

Getini wakasimama ghafla. Basi la mchana lilikuwa limewashwa, linanguruma kuliko draya kumi. Na kule ng'ambo, kando yake, alisimama Antena, hajagongwa na kitu chochote. Kichwa cha mwanamke kilikuwa kimelala kifuani pake. Mikono ya Antena ilikuwa juu ya nywele zile, inazigusa polepole, kwa uangalifu.

Nong'ona hakumwona uso. Hakuhitaji. Mtu huzitambua kazi za mikono yake. Zile rasta alizisuka yeye mwenyewe jana, mpaka vidole vikaota malengelenge.

"Kumbe Ndugu," alisema Mama Pacha, akitafuta chanuo na mahali pa kulipiga. "Ni dada yake huyo."

Shangazi akasema dada gani analala kifuani namna hiyo, huyu ni Mke wa Kijijini, yule anayetokea filamu ikikaribia kuisha. Wakaanza kubishana palepale getini, wakipayuka juu ya kelele za injini, nani atashika ufagio.

Nong'ona hakuwasikia. Miguu yake ilikuwa imeshageuka kuelekea saluni, yenyewe, bila kuagizwa, na macho yameshajaa. Ndipo alipomwelewa yule mwanamke wa machungwa. Kumbe si ujinga. Kumbe swali ni zito kuliko machozi, na machozi yako karibu zaidi. Lakini ni yeye aliyeshangaza saluni nzima kwa ajili ya yule mwanamke, na sasa akikimbia, Machozi Kabla ya Swali litakuwa na uso wake maisha yake yote. Akajifuta kwa aproni, akaigeuza miguu, akavuka stendi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Simjui," alisema Antena, jasho likimtiririka.

"Hata mimi simjui," sauti ikatoka kifuani pake. "Wewe ni yule dada msusi? Nitoe hapa kabla hawajaleta mkasi."

Alikuwa yule muuguzi wa jana. Antena alikuwa amepita stendi asubuhi kukata tiketi kabla ya kwenda saluni, wakainama pamoja kuinua begi la muuguzi, naye Antena alikuwa anafunga zipu ya mfuko wa jaketi. Zipu ikazing'ata rasta nne na kugoma kwenda mbele wala kurudi. Tangu asubuhi walikuwa hivyo, wameganda. Abiria walishauri nywele zikatwe, muuguzi akaapa afadhali wamkate sikio. Jaketi halikuvulika bila kumnyonga mmoja wao. Na simu ya Antena ilikuwa ndani ya mfuko uleule.

"Ni nyinyi mliokuwa mnapiga?" muuguzi aliuliza. "Sikio langu limechemka."

Nong'ona akaingiza mkia wa chanuo kwenye meno ya zipu. Ili kufanya hivyo ilibidi asogee, vichwa vitatu vikawa karibu kama wanaogawana siri. Vidole vikaanza kazi, na vidole vyake vikiwa kazini, ulimi haukuogopa sana.

"Jana uliniuliza kitu," alisema.

"Ndiyo."

"Nipigie."

"Unasemaje?" Injini ilikuwa inatikisa mpaka vioo.

"Anasema umpigie," alitangaza muuguzi, ambaye sikio lake lilikuwa katikati yao.

Ilikuwa imekwisha, kwa kweli. Jibu limefika. Lakini lilikuwa limepaa tena kwa sauti ya mtu mwingine, na kwa mara ya kwanza Nong'ona hakupenda. Hili alilitaka liwe lake. Akavuta pumzi mpaka chini.

"Nimesema nipigie. Kila siku. Na usipopiga, nitakupigia mimi mpaka hiyo simu iungue."

Kwa bahati mbaya au nzuri, sekunde hiyohiyo basi likazimika. Stendi yote ikasikia. Utingo akaganda na begi la mtu begani, na muuza maji akasema amina. Kule getini Shangazi alipiga chanuo kwenye bati la geti, akakosa la kutaja, kwani jambo lile hawakuwahi kuliona popote. Antena alifungua mdomo bila kutoa neno, sasa yeye ndiye bubu, na zipu ikaachia.

Basi likawashwa tena, Antena akapanda. Shangazi alitabiri kwamba litasimama mbele kidogo na Antena ataruka chini, ndivyo inavyokuwa. Basi likapiga kona, likaenda zake. Shangazi akapewa ufagio.

Walikuwa wamesharudi, Mama Pacha amerudishwa kitini na upande wake wa kulia, mteja mpya yuko ndani ya draya, Shangazi anafagia huku akilaumu waongoza filamu, simu ilipoita mezani. Nong'ona aliipokea. Shangazi akanyoosha mkono kuzima draya ili asikie vizuri, lakini Nong'ona akamzuia kwa kichwa.

"Sikusikii," alimwambia Antena kwa sauti iliyoshinda draya, ikatoka mlangoni, ikavuka barabara. "Sema tena."