Wakio Hajala

Asubuhi ile dada yangu Wakio alikuwa Bura, amekaa na njaa akiningoja, na mimi nilikuwa nimesimamishwa na polisi kabla ya kufika Mwatate, makaratasi yote mkononi.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mtu wa Bura, lakini Bura haikunishika. Shule niliiacha darasa la tano. Nikakata mkonge, nikapakia mawe Maungu, nikachunga ng'ombe wa watu kule Chala, nikawa utingo wa malori mpaka Moyale. Mama alikufa nikiwa huko Moyale. Habari ilinifikia miezi mitatu baadaye, na aliyeniambia alidhani nilishajua. Wakio alimwosha mama peke yake. Watu wakimuuliza, "Danson yuko wapi?" aliwaonyesha barabara tu.

Sisi Wadawida, Wataita kama watu wanavyotuita, tunajua kwamba hasira ya ndugu, hata isiposemwa, inafanya kazi. Hukai mahali. Unapanda maharagwe, huyasubiri. Dawa yake ni kutasa. Yule aliyekasirika anaamka asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni anachukua maji kinywani, anampulizia ndugu yake, anatamka kwamba moyo umepoa. Ni dakika mbili tu. Mapadre hawaipendi sana, lakini nimeona katekista mzima akitasiwa na shangazi yake, na Jumapili akasoma somo vizuri kuliko siku zote.

Mimi hizo dakika mbili nimezingoja miaka ishirini na sita.

Nyumbani nilikuwa nafika, si kwamba sikufika. Napita shambani jua likizama, naweka gunia la mahindi kwenye mlango wa jiko, na alfajiri nimeshaondoka. Wakio alikuwa akisema, "Unaingia kama fungo anayefuata kuku. Siku utakayokuja kwa barabara, mchana, watu wakikuona, hiyo siku tutaongea."

Ndiyo maana nilinunua skuta. Ya umeme, kwa sababu miguu yangu haiwezi tena kupiga pikipiki teke. Alwi, mwenye duka pale Voi, aliniapia: "Mzee wangu, chombo hiki hakinywi mafuta wala hakipigi kelele. Serikali itakudai nini? Hesabu ni baiskeli." Na mji mzima ulisema hivyo hivyo, baiskeli. Wiki ya kwanza tu nikashikwa, skuta ikalala kituoni siku tisa. Hapo nikaona, haya, mara moja maishani nifanye kitu mpaka mwisho. Nikaingia shule ya udereva na vijana waliozaliwa juzi, tukisukuma vigari vya plastiki juu ya ubao uliochorwa mji. Mwalimu akiniuliza, "Babu, hapa nani anapita kwanza?" namwambia, "Lori." Darasa linacheka. Lakini leseni nilipata. Nikapata bima, nikapata na namba, ile ya kijani ya vyombo vya umeme.

Dinah, binti wa Wakio, akanipigia siku ya Alhamisi. "Mjomba, mama amesikia unaweza kuja kwa barabara, amesema Jumamosi. Uje asubuhi, atakungoja bila kula."

"Na sukari yake?"

"Nimemwambia. Si unamjua?"

Wakio ana sukari. Hospitali walimwambia isipite saa tatu hajatia kitu tumboni. Nikamwambia Dinah saa mbili nitakuwa mlangoni.

Nilitoka Voi saa kumi na mbili na nusu, helmeti kichwani, reflekta kifuani. Skuta haina sauti. Unasikia upepo na ndege tu, na mkonge unapita pembeni kwa mistari, ile niliyokuwa nakata. Nilikuwa naimba, sioni haya kusema.

Askari aliyeinua mkono alikuwa msichana, kibandiko kifuani kimeandikwa Valentine.

"Simama kando, mzee. Hii ni nini?"

"Skuta, afande."

"Mbona hailii?"

"Ya umeme."

Akaizunguka mara mbili. Akainama nyuma. "Na hii namba umeipaka rangi wewe mwenyewe?"

"Afande, mimi nipake rangi? Hata nyumba yangu sijapaka."

Hakucheka. Nikampa leseni, bima, kitambulisho, kila kitu kwenye mfuko wa nailoni. Alisoma moja moja, taratibu.

"Sijawahi kuona mtu ako na kila kitu," akasema. "Wenye kila kitu ndio huwa na kitu. Tungoje sajini."

"Sajini yuko wapi?"

"Anakuja."

Akaweka karatasi zangu mfukoni mwake. Ufunguo akaniachia, nadhani alisahau.

Saa mbili ikapita. Bodaboda zilikuwa zikifika karibu na kizuizi, zinakata kushoto, zinapotelea kwenye njia ya katikati ya mkonge na kutokea mbele. Mmoja alibeba watu watatu na mbuzi, wote bila helmeti. Akanipigia kelele: "Babu, umeshikwa na jiko la umeme! Pita huku!"

Njia hiyo naijua tangu sijaota ndevu. Valentine alikuwa amenipa mgongo, anaongea na dereva wa basi. Skuta haina sauti. Ningefika Bura kabla hajageuka.

Simu ikalia. Dinah.

"Mjomba, uko wapi? Ni saa tatu. Mikono inamtetemeka."

"Mpe uji."

"Hataki! Anasema akila leo haiwezi kufanyika."

Nikamwendea Valentine, nikamweleza habari ya Wakio, yote, na kutasa. Akaniangalia. "Hata nyanya yangu hufanya hivyo," akasema pole pole. Akapiga simu, akapiga tena. "Sajini hashiki. Mzee, namba hii ikiwa feki na nimekuachilia, ni mimi nitaenda nyumbani. Vumilia."

Nikarudi kwenye skuta. Nikashika ufunguo. Ule mkonge ulikuwa hapo tu, hatua thelathini.

Nikampigia Dinah. "Mpe mama simu."

Nikasikia pumzi kwanza. Halafu, "Umepotea tena."

"Sijapotea, dada. Niko barabarani. Kula."

"Nikila ndiyo basi."

"Kula, Wakio."

"Unajua nimengoja siku ngapi kuamka na moyo kama wa leo? Kesho sijui nitaamka na upi."

"Najua. Kunywa uji."

Akamwita Dinah. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. Nilikaa chini pale kwenye changarawe, na Valentine akajifanya anasoma bima yangu upya.

Sajini Geoffrey alifika saa tano. Aliangalia namba mara moja. "Hizi ndizo mpya za umeme. Mlitumiwa kwenye simu zenu, hamsomi. Mzee ako sawa kabisa."

Valentine alinirudishia mfuko kwa mikono miwili. "Pole, baba."

"Ulifanya kazi yako."

"Msalimie dada."

Niliingia Bura karibu saa sita, kwa barabara kuu, jua utosini. Watoto walikimbia nyuma ya skuta. Wazee wa dukani walisimama kuona. Mmoja akasema, "Huyu si Danson?" Nikampungia mkono, nikapita.

Wakio alikuwa kibarazani, leso begani, anapeta mbaazi. Mwili umekuwa mdogo. Alinitazama kutoka helmeti mpaka viatu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Si uliniamuru?"

"Huwezi kunitasia hivyo hivyo?"

"Kwa mdomo ulioonja uji?" Akapuliza maganda ya mbaazi. "Labda kesho."

"Kesho utaamka vipi?"

"Mimi nitajuaje? Ngoja uone, kama sisi tulivyongoja."

Ningeweza kuondoka. Chaji ilikuwa imebaki ya kunifikisha Mwatate. Miguu yenyewe ilishaanza kuwasha, ninavyoijua. Wakio akausukuma ungo kwa kisigino mpaka ukagusa kiatu changu.

"Chambua," akasema. "Zina mawe."

Nikavua helmeti, nikakaa. Jua lilikuwa bado juu, na asubuhi ya kesho ilikuwa mbali kuliko Moyale.