Maganda ya Mayai Mawili

Mashati thelathini yalikuwa yametandazwa juu ya meza ya ukaguzi, na kila moja lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Asiyejua ushonaji angeyapita bila kugeuza shingo. Mimi, ambaye kiwandani naitwa Mama Mikono kwa kuwa miaka tisa sijashona kingine, niliona jinsi mpasuko wa mkono wa upande wa kulia ulivyotazama mbele badala ya nyuma, nikatamani ardhi inimeze.

Mikono hutufikia katika mafungu, ya kulia yamefungwa kwa utepe mweupe, ya kushoto kwa utepe wa bluu. Siku ile nilifungua mafungu mawili ya bluu na sikuona ajabu yoyote. Tangu saa tatu macho yalikuwa yakiingia kiza na vidole vikitetemeka, nami nikijikaza kisabuni kuingojea kengele ya saa tano, saa ambayo kiwanda hukumbuka kuwa washonaji nao wana matumbo.

Msimamizi wetu tunamwita Filimbi, kwa kile anachokining'iniza shingoni. Alinisukumia fomu ya makosa. Penye neno "Sababu" alikwisha kunijazia: uzembe.

"Weka sahihi hapo, mama, tuendelee na kazi."

"Mimi si mzembe."

"Kumbe mikono imejishona yenyewe?"

Watu wakacheka, na wengine nilikuwa nimewahi kuwashonea mafungu yao walipougua. Fomu ya tatu ndiyo inayomtoa mtu getini na mfuko wake. Mbili nilikwisha kuzisaini huko nyuma, kichwa chini, bila hata kuzisoma.

"Nitaileta kesho," nikasema.

"Kesho kwenye mstari wa asubuhi. Bila sahihi, usijisumbue kuwasha cherehani."

Nilifika nyumbani jua halijazama. Nilipofungua kabati nitoe sufuria, nikakuta nyuma yake mayai matatu ya kuchemsha, mazima, yamepangwa vizuri kama vitu vya maonyesho. Yalikuwa ya binti yangu. Kila alfajiri kabla ya kutoka humwachia yai na kiazi kitamu mezani.

"Mayai haya yanafanya nini huku?"

Alikuwa akifunika madaftari yake kwa magazeti. Ana miaka kumi na mmoja na ulimi wa mtu mzima. "Asubuhi sina njaa, mama. Kama wewe."

"Mimi nakula kazini."

"Unasema tu. Hubebi chakula, na kila siku kinachobaki kichafu ni kikombe chako cha chai." Akakunja gazeti pembeni mwa daftari. "Leo mwalimu kaniita nisome ubaoni. Herufi zilikuwa zinacheza. Darasa zima likanicheka."

Nilikaa chini. Mama yangu naye alikuwa hivyo: alitugawia sote, akafuta sufuria kwa kidole, akasema ameshiba. Majirani walimsifu kuwa mwanamke wa shoka, nami nilikua nikiitamani sifa hiyo. Kukaa na njaa hadi saa tano nilikuhesabu kuwa ushujaa, nikawa nawacheka kimoyomoyo wale wanaotafuna tafuna. Jioni ile hasira zilinipanda, na nilijikasirikia mimi kwanza. Nilikuwa nimemfundisha mwanangu kutetemeka.

"Kesho tunakula, mimi na wewe."

"Utasema umekula."

"Nitakuletea maganda ya mayai. Na wewe niachie yako kwenye sahani."

Akaliweka daftari chini. "Mawili," akasema. "Ule mawili."

Lazima niondoke saa kumi na moja, na saa hiyo koo langu halipitishi kitu ila chai. Tumbo huamka ninapofika kiwandani saa kumi na mbili na nusu, na hapo ndipo Filimbi hutusimamisha nje ya ukumbi nusu saa nzima, atusomee kanuni tunazozijua kuliko majina ya wakwe zetu. Safari hii nilinawa mikono bombani, nikaketi kwenye ngazi ya mlango, nikatandaza kitambaa mapajani: mayai mawili, kiazi kitamu, chungwa. Wenzangu mstarini wakatoa macho.

Filimbi alipuliza. Sikuinuka.

"Wewe! Mstarini!"

"Nakula, bwana."

"Chakula ni marufuku ndani ya ukumbi!"

"Ndiyo maana niko nje."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Filimbi alinijia mkono mbele. "Fomu."

Nikampa. Niliona macho yake yakipita juu ya neno lake nililolikata kwa mstari mmoja ulionyooka, yakasoma nililoandika juu yake: Njaa. Nilishona tangu saa moja sijala kitu, nikashindwa kutofautisha utepe mweupe na wa bluu. Chini palikuwa na sahihi yangu.

"Nimpelekee Meneja kitu hiki?"

"Mpelekee."

"Atakufukuza."

"Basi atanifukuza nimeshiba."

Nikang'ata yai, nikatafuna. Hapo Bi Vifungo, mshona vifungo aliye mkubwa kwa umri kuliko sote, akatoka mstarini taratibu, akajishusha kwenye ngazi kando yangu. Akafungua pindo la kanga yake, akanimiminia kiganjani chumvi kidogo.

"Chumvi ya wapi, dada?"

"Ya yai langu." Hakunitazama. "Miaka yote nalila chooni, nimejifungia. Mwanamke mzima." Akatoa yai lake, akalipiga kwenye jiwe la ngazi mbele ya watu wote.

Filimbi alishika filimbi yake, akaiachia. Akageuka, akaelekea kwa Meneja na karatasi yangu mkononi. Mstarini nilisikia mfuko mmoja ukifunguliwa, kisha mwingine.

Kengele ya saa moja ikalia. Niliokota maganda, kipande kimoja kimoja.

"Lete nikutupie," Bi Vifungo akasema.

"Hapana. Yana mwenyewe."

Nikayafunga katika kitambaa, nikayatia mfuko wa aproni. Mlango wa Meneja ulikuwa bado umefungwa, na Filimbi alikuwa ndani. Niliketi kwenye cherehani yangu, nikafungua fungu la utepe mweupe, nikauweka mkono wa kulia upande wa kulia. Kila nilipokanyaga pedali, maganda yalilia kidogo mfukoni.